Moto Usiokula Hewa Yako

Nyemo mwanangu,

Kinachonirudia ni sauti ya kopo la plastiki. Liliniponyoka mkononi, likagonga sakafu ya saruji, likabiringika polepole mpaka ukutani, kisha likatulia. Nakumbuka nilijiambia: liokote. Mkono haukwenda. Nikajiambia tena: liokote, mtoto atashtuka. Wewe ulikuwa kitandani, umefungwa khanga baada ya kuoga, una miezi minane, na hukushtuka. Hukulia hata kidogo. Hilo la kutolia lilinijia akilini kama jambo jema, nikafurahi kwamba umelala, halafu sikujua kitu kingine.

Miaka kumi na minane nimeisikia sauti ile nikiwa kazini, nikiwa kanisani, nikiwa naosha vyombo. Wewe umelisikia tukio hilohilo likisimuliwa kwa jina jingine. Umeambiwa kwamba ulipokuwa mchanga ulishikwa na degedege, ukapona kwa neema. Bibi yako husimulia hivyo kila akija, nami huinamisha kichwa kama mtu anayekumbuka kwa shukrani. Haikuwa degedege. Kesho asubuhi unapanda basi la Kondoa, na siwezi kukuacha uondoke na uongo ule.

Mambo mengine sitayaandika. Namna ya kuanika godoro unajua, namna ya kuwaamkia wazee unajua, kupika unapika kuliko mimi. Nitaandika habari ya moto tu, na habari yangu mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule ilikuwa imeniondoa kwa sababu yako, kama ilivyokuwa kawaida wakati ule, nami niliapa kurudi kwenye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilipanga chumba kimoja mtaa wa Area D, hapa Dodoma mjini, chumba kipya, kizuri, chenye sakafu ya saruji, dari, na dirisha la vioo linalofunga kabisa. Nilikionea fahari chumba kile. Nilikuwa msichana aliyetoka kwenye tembe la bibi yako, nyumba ya udongo yenye paa bapa, ambamo ndama walilala upande mmoja na sisi upande mwingine, na moto ukiwaka katikati kuanzia Mei mpaka Agosti. Nimekulia pembeni ya moto ule. Ulitutoa machozi, ulitukohoza, lakini haukutuua, kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa imejaa matundu. Upepo wa Dodoma uliingia kwa kila upande na kutoka utakavyo. Bibi alikuwa akilalamika kila mwaka kwamba tembe linavuja upepo, na kumbe huo upepo ndio uliokuwa ukitulea.

Basi asubuhi ile ya Julai nilipika uji nje, mkaa ukaiva vizuri, mwekundu, hauna hata uzi wa moshi. Nikaliingiza jiko ndani ili nikuogeshe kwenye joto. Ndivyo nilivyoona wanawake wote wakifanya. Nikafunga dirisha. Upepo ulikuwa ukipita chini ya mlango, nikapaziba kwa khanga iliyokunjwa. Nikakuogesha, nikakupaka mafuta, nikakulaza, nikachukua daftari langu nisome huku nikiota moto.

Nyemo, unajua nilikuwa nasoma nini? Kemia. Wiki iliyotangulia nilijibu swali la mazoezi lililouliza kinatokea nini kaboni inapoungua pasipo na hewa ya kutosha. Niliandika kaboni monoksidi. Niliandika kwamba haina rangi wala harufu, na kwamba hushika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika. Nilijipa alama zote. Daftari lenye jibu hilo lilikuwa mapajani mwangu, lile kopo mkononi, na jiko lilikuwa hatua mbili kutoka kitandani kwako.

Aliyetutoa ni jirani yetu, Mama Ashura, na hakuja kwa sababu alihisi kitu. Alikuja kuomba moto. Mkaa wake ulikuwa umegoma kuwaka, naye alikuwa ameniona mapema nikipepea jiko, akaja na sepetu kuchukua makaa mawili matatu. Aligonga, akaita, "Mama Nyemo! Mbona umejifungia na moto wa watu?" Aliposikia kimya alisukuma mlango, ukakwama kwenye ile khanga, akausukuma kwa bega. Nilizinduka nikiwa nimelala uani juu ya vumbi, kichwa kinagonga kama kinu, na yeye amekushika miguu juu kichwa chini, anakupiga makofi mgongoni, analia na kukutukana: "Kohoa, we mtoto! Kohoa, mjeuri we!" Ukakohoa. Ukatapika uji. Midomo yako ilikuwa na rangi ambayo sitaielezea.

Ningeweza kuishia hapo, ukanihurumia. Lakini kosa langu kubwa lilikuja baada ya hapo.

Wakati Mama Ashura anakimbilia barabarani kutafuta usafiri, mimi nilirudi ndani nikilegea, nikalisukuma lile jiko kwa mguu mpaka nje, nyuma ya nyumba. Sikufanya hivyo ili kuokoa mtu. Ulikuwa tayari uko nje. Nilifanya hivyo ili lisionekane. Msichana aliyefukuzwa shule kwa mimba, ambaye ukoo mzima ulisema hataweza kulea, alikuwa karibu amuue mtoto kwa ujinga ambao alikuwa na jibu lake daftarini. Aibu ilinipa nguvu ambayo miguu haikuwa nayo.

Kwenye zahanati muuguzi alikuangalia macho, akakuangalia kucha, akaniuliza waziwazi, "Mlikuwa na jiko ndani?"

Nikasema, "Hapana, dada."

Akaniuliza mara ya pili, kwa upole zaidi. "Hata la kupashia maji tu?"

"Hapana. Alikakamaa tu ghafla."

Akaandika. Ukachomwa sindano za malaria ambayo hukuwa nayo. Siku tatu ukachomwa, ukilia, na mimi nimekushika mguu usirushe. Mama Ashura alinitazama tu. Aliponirudisha nyumbani alisema neno moja: "Umeamua?" Hakunisema kwa mtu. Alihama mwaka uliofuata, nami sikuwahi kumshukuru kwa jina halisi la alichokifanya.

Sasa unaelewa kwa nini umelala na dirisha wazi kila Julai ya maisha yako, ukilalamika, umevaa soksi mbili. Unaelewa kwa nini mtaani wananiita Mama Dirisha. Ulipokuwa darasa la nne uliniuliza kama nina wazimu, nikakuchapa. Ningekujibu tu. Kumchapa mtu anayeuliza swali la kweli ni namna nyingine ya kusukuma jiko nyuma ya nyumba.

Mwezi Mei tulipokwenda wote Busi, huko Kondoa, kuiona kazi yako na hicho chumba cha kule mlimani, nilinyamaza zaidi ya kawaida, ukadhani nimekasirika kwamba unaenda kuhesabu mizinga ya nyuki badala ya kusubiri chuo hapa mjini. Sikukasirika. Nilikuwa nakitazama chumba. Ni kizuri. Hatua nne kwa tatu, mbao mpya, bati, mlango mzito. Hakuna nguzo ya umeme mpaka chini bondeni, na ule mtambo mdogo wa jua unatosha taa na simu tu. Na wale wafugaji nyuki, kwa wema wao, kwa kuwa walisikia anakuja binti, walikuwa wameziba kila ufa. Maboksi ukutani, nailoni juu ya maboksi, udongo kwenye pembe. Hata pale bati linapokutana na ukuta walisokota magunia. Walikipenda chumba mpaka wakakinyima pumzi.

Unakumbuka Mzee Athumani, mwenyekiti wao, alivyosema?

"Baridi ya huku, Mama Nyemo, si hiyo yenu ya mjini. Huku Juni maji ya kunawa yanauma kama siafu. Lakini usihofu, jiko hili hapa. Jioni anapika, mkaa ukishaiva anauingiza ndani, analala kama yuko Tanga."

"Na hewa, mzee?"

"Mkaa ulioiva una moshi gani tena?"

Na wewe ukadakia, ukicheka: "Mama anaogopa majiko, babu. Nyumbani wanamwita Mama Dirisha."

"Huku dirisha ni moja," akasema, "jina hilo halitamfaa."

Mlicheka wote. Mimi pia nilicheka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiri kwamba ningesimama pale pale nikasema kilichotokea, mambo yangekwisha. Sikusema. Badala yake nilianza kutafuta hita ya gesi, kama mtu anayetaka kununua kitu kitakachosema kwa niaba yake.

Hapa mjini hita si kitu cha kawaida. Duka la kwanza nililoelekezwa lilikuwa la pembejeo za kuku. Kijana akanitolea kofia kubwa ya bati yenye wavu mwekundu chini, ya kuning'iniza juu ya mtungi wa gesi.

"Una vifaranga wangapi, dada?"

"Mmoja."

"Mmoja?" Akamtazama mwenzake. "Huyo mlaze kwenye boksi la viatu, umwekee taa."

"Ana miaka kumi na minane na anavaa viatu namba arobaini."

Walicheka mpaka wakaniletea kiti. Lakini yule kijana alipoacha kucheka alinijibu kwa uaminifu, nami namheshimu: "Banda la kuku halina dari, dada, na pembeni ni wavu. Hii ukiiweka chumbani kwa mtu utakuwa umemkosea." Mtu anayeuza kitu na bado akakwambia usinunue, msikilize mara mbili.

Ya pili unaijua, maana ulipiga nayo picha. Ile nyeusi yenye magurudumu, mtungi unakaa tumboni mwake, uso una vigae vitatu vinavyowaka rangi ya chungwa. Muuzaji aliniambia ina kifaa cha kujizima hewa ikipungua chumbani. Nilikiamini kwa sababu nilitaka kukiamini, na kwa sababu ilikuwa nzuri. Tuliiwasha sebuleni. Ukasema, "Mama, leo nakubali, umenipenda," ukajinyoosha mbele yake kama paka. Ulipotoka kwenda kwa rafiki zako, nilifunga dirisha. Ndiyo, mimi, Mama Dirisha. Nilikaa mbele yake saa nzima na nusu na daftari, nikaandika ninachokiona. Baada ya nusu saa vioo vilianza kulia maji. Gesi inapoungua hutoa mvuke, na mvuke ule uliingia kwenye hewa ileile niliyokuwa navuta. Baada ya saa moja nilipata uzito fulani nyuma ya macho. Labda ilikuwa gesi, labda ilikuwa woga. Nilifungua dirisha.

Kile kifaa kilikuwa kizima, sikisingizii. Lakini nilijiuliza: kinalinda nini hasa? Kinangoja hewa ipungue ndipo kifanye kazi. Ni mlinzi anayepuliza kipenga mwizi akiwa amekwisha kaa kitandani. Katika sebule yetu yenye milango miwili labda yatosha. Katika chumba cha hatua nne kwa tatu kilichozibwa kwa maboksi na nailoni, na wewe umelala fofofo baada ya kutembea mlima mzima, haitoshi. Nikairudisha. Uliponiuliza iko wapi nilisema ina hitilafu. Uongo mwingine, mdogo, wa mazoea. Nausahihisha hapa.

Tuligombana wiki ileile. Ulisema, "Watu wote wanalala na jiko, Mama. Wote! Ni wewe tu. Nitanunua la kwangu kulekule." Nilikujibu kwa ukali, ukafunga mlango. Nilisimama mbele ya mlango wako nikiwa na maneno yote haya kinywani, nikayameza. Ndipo nilipojua kwamba hita yoyote nitakayonunua haitakusaidia kama hujui ni kwa nini. Ungeiacha siku ya kwanza gesi ikiisha, ukaenda kuazima jiko kwa Mzee Athumani, na ungekuwa na haki, kwa sababu mama yako hakukupa sababu, alikupa amri.

Ya tatu niliipata kwa mtu anayeuza vitu vilivyong'olewa kwenye kambi ya watalii iliyofungwa. Si nzuri. Ni kisanduku cha chuma rangi ya majivu, kimekwaruzika ubavu, kinafungwa ukutani. Uzuri wake uko nyuma. Kina mabomba mawili, moja ndani ya jingine, yanayotoboa ukuta kwenda nje. Moja linavuta hewa ya nje kulisha moto, jingine linatoa nje hewa iliyokwisha ungua. Moto wenyewe umefungiwa nyuma ya kioo, haukutani na wewe kabisa. Chumba chako kinapata joto tu. Moto haunywi kikombe kimoja na wewe.

Yule muuzaji alikuwa nayo kubwa zaidi, akanisihi sana. "Mama, baridi ya Kondoa! Chukua kubwa ukae na amani." Nilikataa. Chumba kidogo chenye moto mkubwa kinamfanya mtu azime na kuwasha, azime na kuwasha, na siku moja ataona tabu akaacha kufuata utaratibu. Nilichukua ndogo, inayowaka taratibu muda mrefu. Nimejifunza kwamba vitu vingi vinavyotulinda vinashindwa kwa kuwa vinatuchosha, si kwa kuwa ni vibovu. Hata mimi nilikuchosha.

Mtungi utakaa nje, chini ya kibati, umefungwa mnyororo. Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio uangalie kama linavimba. Dakika moja tu. Ndani kuna kengele ndogo nyeupe karibu na kitanda, inayonusa ile hewa isiyo na harufu. Ikilia, usikae kufikiri. Usiangalie saa, usitafute viatu. Toka. Ukishakuwa nje kwenye baridi ndipo uanze kujiuliza kama imelia bure. Na ukiamka kichwa kizito, toka vilevile, hata kama kengele imenyamaza.

La mwisho ndilo gumu, na sina haki ya kukufundisha ila kwa kuwa nililikosa. Utafanya makosa huko. Utasahau kitu, utaharibu kitu, pengine utamwumiza mtu. Siku hiyo atatokea mtu na swali ambalo likijibiwa litasaidia, kama yule muuguzi na kalamu yake. Mimi nilichagua uso wangu badala ya damu yako. Nilibahatika, wewe ulikuwa na nguvu ya kuishi iliyozidi akili niliyokuwa nayo mimi. Usitegemee bahati yangu. Jibu swali, mwanangu. Aibu ikutane na wewe baadaye, ikiwa hai nawe ukiwa hai.

Sitaki unisamehe kwa simu. Kaa na habari hii kwanza.

Sasa nikwambie nilichokwisha kufanya. Wiki iliyopita sikuwa kwenye semina Singida kama nilivyokwambia. Nilipanda basi la Kondoa siku ya Alhamisi na Fundi Lameck wa gesi, kile kisanduku cha rangi ya majivu kikiwa kwenye gunia. Kufikia saa nane mchana mabomba yalikuwa yametoboa ukuta wako. Mzee Athumani alikuja na wenzake watano kuangalia, akauliza kwa nini naharibu ukuta mzuri. Nikawaambia wakae. Nikawasimulia, wote sita, na fundi, na Mama Zuhura mke wa mwenyekiti: jiko, khanga, muuguzi, kila kitu. Ni mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwangu. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliinuka akaenda pembeni. Nilikuja kuambiwa kwamba alipoteza wajukuu wawili kwa namna hiyo, na watu walisema ni uchawi. Mama Zuhura ndiye aliyeanza kung'oa magunia kwenye paa, bila kuambiwa. Niliacha matundu mawili, moja chini karibu na mlango, moja juu upande wa pili, yenye wavu wa kuzuia panya. Yasizibwe.

Kisha nikawasha hita, nikafunga mlango, nikalala kwenye kitanda chako. Nilimwomba Mama Zuhura apite kunigongea. Alipita mara tatu. "Mama Nyemo, upo?" Naitika nipo. Mara ya tatu akasema, "Mwenzangu, sasa mimi ndiye ninayekufa na baridi huku nje, naenda kulala." Ijumaa nikalala tena, bila kugongewa. Jumamosi asubuhi niliamka kichwa chepesi, nikapanda basi, nikarudi kukufungia mizigo.

Mama